Alama ya Karatasi na Neno la Mgonjwa: Jinsi Mgusano wa Meno Unavyopimwa

Wahenga walinena kwamba jino la pembe si dawa ya pengo. Kauli hiyo haimzuii daktari kuziba jino lililotoboka. Humkumbusha tu kwamba kitu kigeni kinywani hakina budi kupatana na meno ya asili. Makala haya yanaeleza namna mwanafunzi wa udaktari wa meno anavyofunzwa kuupima upatanifu huo.

Mfano mwafaka ni mkulima wa Chwele, katika Kaunti ya Bungoma. Muwa huuambua kwa meno ya mbele na chonge, kisha akautafuna kwa magego. Akizibwa gego, na kizibo kikazidi kimo kwa unene wa unywele tu, jino hilo hutangulia kugusa kila afumbapo kinywa, likabeba mzigo uliopasa kugawanywa miongoni mwa meno mengi. Maumivu yakidumu, yamkini ataomba ling'olewe jino ambalo lingeweza kuokolewa.

Nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufunza madaktari wa meno mwaka wa 1974. Kwa kawaida mafunzo ya aina hii hayaanzii kwa mgonjwa. Kwanza mwanafunzi huchonga meno ya nta ili ajue vilele na mabonde yake. Kisha hutazama vielelezo vya meno vya plasta vilivyofungwa kwenye chombo chenye bawaba kinachoiga mwendo wa taya. Hapo hukumbana na kigezo alichokitoa Edward Angle wa Marekani mwaka wa 1899: katika mpangilio wa kawaida, kilele cha mbele, upande wa shavuni, cha gego la kwanza la juu hutua katika mfuo wa gego la kwanza la chini.

Afikapo kwa mgonjwa, hutumia karatasi nyembamba yenye rangi. Meno hukaushwa kwanza, kwani mate huzuia rangi kushika. Mgonjwa husaga meno kwa karatasi ya rangi moja, kisha huyagonganisha kwa karatasi ya rangi nyingine. Hivyo alama za mwendo hubainika na alama za kufumba. Aghalabu hupimwa pia akiwa ameketi wima, kwa sababu taya hurudi nyuma kidogo alalapo chali. Mwishowe utepe wa mikroni 8, yaani milimita 0.008, huvutwa kati ya meno: ukikwama, meno yamegusana, ukiteleza, hayajagusana.

Kosa la wanagenzi wengi ni kudhani kwamba alama kubwa ndiyo yenye nguvu kubwa. Tafiti zimeonyesha kuwa ukubwa wa alama si kipimo cha kutegemewa cha nguvu. Mara nyingi panapogusa kwa nguvu huacha duara lenye kitovu cheupe, kwa kuwa rangi imesukumwa pembeni. Anayeparaza kila alama huondoa kinga ya jino isiyoota tena.

Basi karatasi huonyesha mahali. Mgonjwa ndiye aelezaye hali. Meno yenye afya huweza kuhisi kitu chenye unene wa takriban mikroni 20. Lakini ganzi huupotosha ushahidi huo, na kwa hiyo mgonjwa hushauriwa arudi iwapo ataona jino limezidi baada ya ganzi kuisha.

Hapa ndipo lugha inapokuwa kifaa cha kazi. Kitenzi "uma" kina maana ya kutia meno na pia ya kuleta maumivu. Daktari akiuliza tu, "Mama, linauma?" huenda akajibiwa kuhusu maumivu ilhali alitaka kujua kuhusu mgusano. Swali bora ni hili: "Mama, ukifumba kinywa, meno yote yanakutana pamoja, au kuna moja linalotangulia?" Mwanafunzi aliyesomea taaluma yake kwa Kiingereza hana budi kulitayarisha swali hilo mapema, kama anavyotayarisha karatasi yake. Jibu lake ndilo litakaloamua kama mkulima wa Chwele atarudi kwenye muwa wake au atabaki na pengo.