Aajiriwe Kwanza, Afundishwe Palepale

Kijana mwenye ulemavu wa akili anapomaliza kitengo maalumu cha shule ya msingi, mara nyingi hurudi nyumbani kukaa. Mwenye bahati hupata kituo cha ufundi, afume mikeka au atunge shanga, na huko miaka hupita akihesabiwa bado anajifunza. Anatakiwa awe tayari ndipo atafutiwe kazi, na kwa wengi siku hiyo haifiki.

Tatizo si uvivu. Wengi wao hupata shida kuhamisha ujuzi kutoka mahali walipojifunzia. Aliyeosha vyombo vizuri kituoni anaweza kuduwaa mbele ya karo la hoteli: bomba ni jingine, sabuni iko kwingine, kelele zimezidi. Ndiyo maana wataalamu waligeuza utaratibu, na mwaka 1986 Marekani ikauingiza katika sheria zake: mtu aajiriwe kwanza, kisha afundishwe hapohapo, msaidizi akiwa kando yake.

Msaidizi huyo hufanya nini? Miaka ya 1970 mtafiti Mmarekani Marc Gold aliwafundisha watu walioonekana hawawezi lolote kuunganisha breki ya baiskeli yenye vipande 15. Aliigawa kazi katika hatua ndogo, akasema machache, akaongoza mikono yao, na vipande vingine akavipaka rangi upande unaopaswa kuwa juu. Mtu aliposhindwa, Gold alilitafuta kosa kwenye ufundishaji. Msimamo huo ninauheshimu kuliko mbinu zenyewe.

Kwenye karo la hoteli, agizo la kuosha vyombo lina hatua nyingi: kukwangua mabaki, kutenga vikombe na masufuria, kubadilisha maji yakichafuka. Kila hatua huonyeshwa kwa vitendo, pengine kwa picha ukutani. Msaidizi hupunguza uwepo wake kidogo kidogo, na mfanyakazi mwenza wa kijana anashika nafasi hiyo.

Nani aajiri? Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya Tanzania ya 2010 inamtaka mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Lakini tangazo la kazi linalodai vyeti litawaacha nje hawa ninaowazungumzia. Afadhali kumuuliza meneja ni kazi gani inalala kila siku. Huko Cincinnati, Marekani, mwaka 1996, muuguzi Erin Riehle aliona nafasi za kujaza vifaa kwenye idara ya dharura zinaachwa mara kwa mara, akawafungulia vijana wenye ulemavu wa akili. Mpango huo, Project SEARCH, sasa uko nchi kadhaa.

Kwa wazazi nina ombi. Mshahara apewe kijana mwenyewe, hata akihitaji msaada wa kuuhesabu. Anywe chai ya saa nne na wenzake. Akipatwa na msiba mwenzake wa kazini, naye aombwe mchango, jina lake liandikwe kwenye daftari pamoja na ya wengine.