Safari za Kikazi Zachujwa, Same Imngoje Nani? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi janga la Uviko-19 lilivyozizoesha ofisi kufanya vikao kwa njia ya mtandao. Leo tuje Same, mji ulio kwenye barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha, ambao kwa miaka mingi umekula kwa jasho la wapita njia. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911 ilipita hapa, chini ya Milima ya Upare. Barabara ikaja baadaye, na migahawa na nyumba za wageni zikaota pembeni mwake. Sasa wenye nyumba hizo wanauliza kama msafiri wa kikazi atarudi kama zamani. Jibu langu ni kwamba safari za kikazi hazifi, ila zinachujwa. Ile ya kupeleka habari inatoweka, na ile ya kwenda kuona kitu kwa macho inabaki, tena inazidi kuwa na uzito. Kwa Upare, ambako mali ni tangawizi, jasi, mpunga na mkonge, hilo ni jambo la heri, mradi tumjue mgeni tunayemngoja.

Mchujo huu haukuanza na Uviko. M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, mtu aliyekuwa akipanda basi na bahasha ya fedha kumlipa mkulima au wakala alianza kukosa sababu ya kusafiri. Kisha ikaja amri ya Serikali. Novemba 2015, Rais John Magufuli alilieleza Bunge kwamba safari za nje za mwaka 2013/14 na 2014/15 ziligharimu Sh bilioni 356.3, na kati ya hizo Sh bilioni 183.2 zilikuwa tiketi za ndege peke yake. Safari za nje zikabanwa, na kila taasisi ikajikuta ikijibu swali ambalo halikuzoeleka: lazima uende? Uviko ilipofika mwaka 2020 ilikuta swali limekwisha kuulizwa, ikaleta chombo cha kulijibu. Kikao cha kusomeana taarifa kati ya makao makuu na tawi hakihitaji tena gari, dereva, mafuta na masurufu ya watu watano.

Kuna wanaopinga kwa kusema fedha za safari za kikazi duniani zimekwisha kurudi. Ni kweli kwamba chama cha kimataifa cha safari za kibiashara, GBTA, kilikadiria matumizi ya mwaka 2019 kuwa dola trilioni 1.43, na makadirio ya mwaka 2024 yakakivuka kiwango hicho. Lakini fedha zile zile hazinunui safari zile zile. Nauli na bei za vyumba zimepanda sana katika miaka hiyo mitano, kwa hiyo matumizi yanayolingana yana maana ya safari chache zaidi, kila moja ikiwa ghali zaidi. Wengine watasema kwamba kwetu safari nyingi zilikuwa za kutafuta posho, na mtandao hauwezi kuzifuta. Ni hoja nzito. Hata hivyo, posho ya kujikimu ya watumishi wa umma ilipandishwa mwaka 2022, ikawa kati ya Sh 100,000 na Sh 250,000 kwa siku. Bajeti ya safari isipokua kwa kasi hiyo, mkuu wa idara atamtuma mmoja pale alipokuwa akituma watatu, na huyo mmoja atatakiwa arudi na kitu mkononi.

Kitu hicho ndicho Upare inacho. Tuchukue tangawizi ya Mamba Miamba, ambako kuna hata kiwanda cha kuisindika. Picha ya simu huonyesha rundo na rangi ya ganda, basi. Mnunuzi anayefika shambani huokota kipande, hukivunja na kutazama nyuzi. Zikiwa nyingi na ngumu, tangawizi imekomaa, ni kali, inafaa kukaushwa na kusagwa. Zikiwa chache na maji yakachuruzika, bado ni changa na itasinyaa mapema. Kisha hukwangua udongo uliojificha kwenye maungio kwa ukucha, kwa sababu udongo huo utapanda kwenye mizani kwa bei ya tangawizi. Jasi ya Makanya nayo ni hivyo hivyo. Ndiyo inayochelewesha saruji kuganda, na kiwanda kikiletewa iliyochanganyika na uchafu hasara itajitokeza kwa mteja. Mtaalamu wa kiwanda ataka achote sampuli mwenyewe, kwenye lundo analolichagua yeye. Hakuna kikao cha mtandaoni kinachofanya kazi hiyo, na sioni kitakachoifanya karibuni.

Hoja inayonipa kazi zaidi ni ya wale wanaosema msafiri yupo, ila anaipita Same. Wakubwa wanapanda ndege hadi Uwanja wa Kilimanjaro. Shughuli za Serikali zimehamia Dodoma, na treni ya SGR, iliyoanza safari za huko Julai 2024, inamwezesha mtu wa Dar es Salaam kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Marufuku ya mabasi kusafiri usiku, iliyodumu tangu miaka ya 1990, nayo iliondolewa mwaka 2023, kwa hiyo wa Arusha anaipita Same akiwa usingizini. Yote hayo nayakubali. Lakini wote hao hawakuwa wageni wa Same. Walikuwa wageni wa barabara, na walichoacha hapa ni bei ya sahani ya wali na soda. Mnunuzi wa tangawizi hana namna ya kuipita Same, kwa kuwa anakoenda ni huku huku. Atalala usiku mmoja kabla ya kupanda mlimani na pengine mwingine akishuka, na akiwa na asubuhi moja ya ziada, geti la Zange la Hifadhi ya Mkomazi, yenye vifaru weusi, liko kilomita chache tu kutoka mjini.

Mgeni huyu ana mahitaji yake, na la kwanza ni dogo kwa umbo: risiti. Akirudi ofisini lazima arejeshe masurufu, na mhasibu atakataa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu. Anataka risiti ya mashine ya EFD yenye jina na namba ya mlipakodi ya kampuni yake. Nyumba ya wageni yenye vyumba safi lakini isiyo na mashine humpoteza mteja huyu kwa jirani mwenye vyumba vya wastani na mashine inayofanya kazi, na haitajua kamwe kwa nini hakurudi. Ataka pia maji bombani, jambo lililokuwa kero ya miaka mingi mjini hapa kabla mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe kuzinduliwa Machi 2025.

La pili ni kubwa, nalo ni njia ya kupanda mlimani. Kutoka Dar es Salaam hadi Same ni lami tupu. Ugumu unaanza pale anapoiacha barabara kuu, kwenye njia za udongo zinazopinda kwenda Mamba, Vunta na Chome. Mvua za masika zikinyesha, safari aliyoipangia siku moja humla siku mbili, na kwa viwango vya posho vya leo kila siku inayoongezeka inahesabiwa. Mnunuzi akipiga hesabu hiyo mara mbili, msimu wa tatu atamwagiza dalali amletee mzigo barabarani, na bei itapangwa na dalali. Hapo mkulima ndiye anayelipia ubovu wa njia. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu fedha za halmashauri na nguvu za wawekezaji huelekea sana kwenye kingo za barabara kuu, ambako magari yanaonekana, wakati mgeni wa kesho anakwamia juu, ambako hakuna anayemhesabu.

Sehemu ya tatu, wiki ijayo, itapitia gharama za gari la kukodi kutoka Same mjini hadi Mamba Miamba, wakati wa kiangazi na wakati wa masika.