Punje za Jiwe na Plastiki: Nani Atazishikanisha?

Siku mukila kuku musitupe mifupa yote. Mmoja tieni ndani ya siki, ile tunaita vinegre, muuache siku kadhaa. Mutaona unapinda sawa mpira. Mwingine tieni ndani ya makaa mpaka uwe mweupe: ukiuminya, unakuwa unga. Siki imeondoa madini, moto umeunguza nyuzi. Basi mfupa ni vitu viwili vilivyoshikana, madini magumu na nyuzi laini. Kimoja peke yake hakifai kitu.

Wenye maarifa wanajaribu kufanya vile vile: wanasaga jiwe kuwa punje ndogo sana na kuzichanganya na plastiki. Mutauliza, kwa nini wasitie chuma tu? Chuma cha lupitalo kinashinda mfupa kwa ugumu karibu mara 10. Kikibeba uzito wote, mfupa ulio kando unakaa bila kazi, kisha unalegea. Ndiyo maana huko Uingereza, tangu miaka ya 1980, William Bonfield na wenzake walichanganya punje za madini ya mfupa na polietileni, jamaa ya plastiki ya bidoni zetu za mayi. Kitu hicho kilitumiwa kutengeneza vifupa vya ndani ya sikio.

Lakini kuna shida moja. Jiwe na plastiki havipendani. Kila fundi wa kujenga anajua: changarawe yenye matope haishikani na simenti, ukuta unapasuka. Hivyo hivyo punje isiyotayarishwa: mayi yanapenya kati yake na plastiki, ufa unaanza pale.

Dawa yake ni kuvika punje nguo. Rafael Bowen, munganga wa meno wa Marekani, aliandikishiwa uvumbuzi wake mwaka wa 1962. Alipaka punje za silika, ndugu ya mchanga mweupe, dawa inayoitwa silani. Silani ina mikono miwili, sawa sabuni: mkono mmoja wa sabuni unashika mayi, mwingine mafuta. Ya silani unashika jiwe, wa pili unashika plastiki. Mutu akitafuna, nguvu inatoka kwa plastiki laini na kuingia katika punje ngumu, wala haviachani. Mpaka leo meno mengi yanazibwa kwa njia hiyo.

Nguo ile isizidi unene. Ikizidi, yenyewe inakuwa mahali pazaifu. Tena mayi ya kinywa, miaka ikipita, yanailegeza polepole. Na madini ya mfupa hayashiki silani vizuri sawa silika, kwa hiyo wengine wanaotesha nyuzi za plastiki juu ya punje zenyewe.

Jambo hili linatuhusu nini nyumbani? Munganga akikausha jino lako, akaweka pamba, akakuambia usifunge kinywa, usikasirike. Mate yakiingia, dawa haitashika jino, na kazi yote itakuwa bure. Kisha anamulika taa ya buluu ili plastiki ikauke. Mvumilie. Nanyi wazazi, mpelekeni mtoto tundu likiwa bado dogo. Jino likioza mpaka mzizi, huenda hakutabaki kitu cha kuziba, ila kung'oa.