Ndizi za Shebelle: biashara iliyobebwa na sheria

Waitalia waliinunua pwani ya Benadir, kusini mwa Somalia ya leo, kama mtu anavyonunua kiwanja. Mwaka 1905 walimlipa Sultani wa Zanzibar pauni 144,000 kwa Mogadishu, Merca, Barawa na Warsheikh, bandari ambazo awali walizikodi kwake. Kampuni mbili zilizokabidhiwa kuiendesha pwani hiyo zilikuwa zimekwisha kushindwa.

Mtaji mkubwa uliingia mwaka 1920, Luigi Amedeo, mwenye cheo cha Duke wa Abruzzi na mpanda milima mashuhuri, alipoanzisha kampuni ya SAIS huko Jowhar, kando ya mto Shebelle. Ikalima pamba na miwa, ikajenga kiwanda cha sukari. Reli ikaiunganisha Jowhar na Mogadishu. Kusini zaidi, Genale, gavana De Vecchi aligawa ardhi kwa walowezi. Wote walitegemea pamba, na bei ya pamba ilipoporomoka mwishoni mwa miaka ya 1920, wakageukia ndizi.

Kwa hesabu ya duka, ndizi hizo hazikuwa na faida. Merca haikuwa na gati. Mikungu ilishushwa ufukweni, ikapakiwa kwenye matishari na kupelekwa hadi meli iliyotia nanga mbali, na msimu wa kusi mawimbi yalifanya kazi hiyo kuwa ya roho mkononi. Bado kulikuwa na ushuru wa Suez na siku nyingi za majokofu. Ndizi za Visiwa vya Canary zilifika Ulaya kwa gharama ndogo zaidi.

Roma ikatatua shida hiyo kwa sheria. Desemba 1935 iliundwa RAMB, shirika la serikali lililopewa ukiritimba wa kuingiza na kuuza ndizi Italia. Likajengewa meli nne zenye majokofu, Ramb I hadi Ramb IV. Pengo la bei akalifidia mlaji wa Italia, bila kuulizwa.

Ruzuku ya pili haikuonekana kwenye vitabu vya hesabu. Vibarua walitolewa vijijini kwa nguvu, wengi wao wakulima wa kando ya mito, wakiwemo wazao wa watumwa. Maofisa waliuita utaratibu huo mkataba, lakini ulikuwa shokoa. Mwaka 1933 Marcello Serrazanetti, aliyekuwa kiongozi wa chama cha Kifashisti huko Mogadishu, aliandika kwamba hali hiyo ilizidi utumwa: mwenye mtumwa alikuwa ametoa fedha zake, hivyo alimtunza, lakini mwenye shamba alijua kwamba kibarua akifa, serikali italeta mwingine. Hoja hiyo ni ya mhasibu kuliko ya mtetezi wa haki, na ndiyo maana inauma.

Takwimu za tani zilizosafirishwa zilitajwa kama ushahidi wa maendeleo. Nazisoma kwa mashaka. Soko, bei, meli na vibarua vyote vilitolewa na dola, na hatari iliyobaki kwa mwenye shamba ilikuwa mvua na wadudu tu.

Italia, iliyoipoteza Somalia vitani, iliporudi mwaka 1950 kama mdhamini kwa niaba ya Umoja wa Mataifa, ukiritimba nao ulirudi. Ulidumu hata baada ya uhuru wa 1960, mpaka kashfa ya 1963: mnada wa kugawa leseni za usambazaji ulichakachuliwa, na mkuu wa shirika, Franco Bartoli Avveduti, akakamatwa. Mwaka 1964 sheria ikaufuta ukiritimba huo.

Upendeleo, hata hivyo, ulipata makazi mapya Brussels. Mwaka 1993, serikali ya Somalia ikiwa haipo tena, utaratibu mpya wa ndizi wa Ulaya uliitengea nchi hiyo tani 60,000 kwa mwaka bila ushuru. Kampuni ya Dole na Somalfruit, yenye mizizi ya Kiitalia, zikagombania mgawo huo, na watu wenye silaha wakauana kwa ajili ya bandari ya Merca. Mafuriko ya El Niño ya 1997 yakaharibu mifereji ya mashamba, usafirishaji ukakatika.