Wanakuona Lakini Hawabofyi

Mwenye tovuti akifungua Google Search Console kwa mara ya kwanza, jicho lake hukimbilia nafasi ya wastani. Akiikuta 23 ananuna, akiikuta 8 anachekelea. Mimi namba hiyo huiangalia mwisho, na mara nyingine siiangalii kabisa.

Huduma yenyewe ni ya bure, na hadi 2015 ilijulikana kama Webmaster Tools. Ukishathibitisha kwamba tovuti ni yako, inakuonyesha maonyesho, yaani kiungo chako kilitokea mara ngapi kwenye matokeo ya Google, mibofyo, asilimia ya maonyesho yaliyozaa mibofyo, na hiyo nafasi ya wastani. Kumbukumbu zake zinarudi nyuma miezi 16.

Sasa tazama wastani unavyodanganya. Tuseme mwezi huu ukurasa wako umeonekana mara 100 kwa swali moja, ukiwa nafasi ya 2. Mwezi ujao Google inaanza kuuonyesha pia kwa swali jipya, mara 300, nafasi ya 30. Wastani unaporomoka hadi 23. Hujapoteza msomaji hata mmoja; umeanza kutokea mbele ya watu ambao jana hawakujua kama upo. Anayesoma namba moja tu ataitisha kikao cha dharura.

Utajiri wa ripoti hii uko kwenye maswali, yaani maneno yaleyale ambayo watu waliandika. Ila usianze na orodha ya maswali ya tovuti nzima, kwa sababu inachanganya kila kitu. Bofya ukurasa mmoja kwanza, kisha ndiyo ufungue maswali yaliyouleta ukurasa huo.

Chukua mfano wa tovuti ya mafunzo ya ufugaji wa kuku wa kienyeji. Mwandishi ni mtaalamu wa mifugo, kwa hiyo makala yake kuu ameiita "Udhibiti wa Ugonjwa wa Newcastle". Ripoti inaonyesha kwamba wafugaji wanaandika vingine: "chanjo ya kideri", "dalili za mdondo", "kuku wanakufa ghafla", "dawa ya kideri". Google imeshaelewa kwamba yote hayo yanahusu ugonjwa mmoja, ndiyo maana inaionyesha makala. Mfugaji aliyesimama bandani na simu mkononi anapitisha macho kwenye vichwa vya matokeo, haoni neno lake, anaendelea kushuka. Kwenye ripoti hali hiyo inasomeka hivi: maonyesho mengi, mibofyo ya kuhesabika, nafasi kati ya 5 na 15 hivi. Hapo ndipo ninapoanzia kazi. Ukurasa ulio nafasi ya 40 hautaokolewa na kichwa kipya, maana wachache sana hufika huko.

Maneno kideri na mdondo yaingie kwenye kichwa na kwenye aya ya kwanza, mara moja yanatosha. Kuyarundika mara ishirini ni hila ambayo Google iliikataza zamani, na msomaji huichoka upesi zaidi.

Lakini litazame vizuri lile swali la "dawa ya kideri". Kideri husababishwa na virusi, hakina tiba; kinga yake ni chanjo, kama ile ya I-2 inayodondoshwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Anayeuliza dawa hajui hilo, na kichwa kinachotangaza chanjo kinamwonyesha kwamba amekosea mlango. Kuweka neno "dawa" kwenye kichwa ili abofye, kisha asikute dawa, ni ulaghai. Dawa yake, nikiruhusiwa kusema hivyo, ni sehemu mpya yenye kichwa kidogo cha wazi: "Je, kideri kina dawa?" Jibu litolewe kwenye sentensi ya kwanza, kisha aelezwe la kufanya na kuku waliougua na namna ya kuwakinga waliobaki. Takwimu hapa zimefichua pengo katika makala ambalo mtaalamu asingeliona, kwa kuwa yeye mwenyewe hawezi kuuliza swali hilo.

Ukishabadilisha, andika tarehe mahali, kisha uache wiki kadhaa zipite. Wengi hushindwa hapa: wanabadili kichwa Jumatatu, Alhamisi wanakibadili tena. Linganisha siku 28 na siku 28. Kwa mambo yenye msimu, linganisha na kipindi kama hicho cha mwaka uliopita, maana kideri huzidi wakati wa kiangazi, na ukilinganisha kiangazi na masika utajipongeza kwa kazi ya hali ya hewa. Kuna jambo lingine dogo ambalo wengi hawalijui: siku za ripoti hii huhesabiwa kwa saa za California. Kwetu Afrika Mashariki siku yake huanza saa nne au saa tano asubuhi, kwa hiyo aliyeingia alfajiri ya Jumatano utamkuta kwenye Jumanne.

Ukijumlisha mibofyo ya maswali ukapata pungufu ya jumla iliyoandikwa juu, usitafute hitilafu. Google huficha maswali yaliyoulizwa na watu wachache mno, ili kulinda faragha yao, na jedwali lenyewe huishia mistari 1,000. Kwa tovuti ndogo sehemu iliyofichwa inaweza kuwa kubwa. Pia tenga maswali yenye jina la tovuti yako: hao walikuwa wanakujua tayari, na wingi wao hausemi lolote kuhusu mgeni anayetafuta msaada. Na ukikuta kurasa zako mbili zinapokezana kwa swali moja, ziunganishe, anwani ya zamani ielekezwe kwenye mpya.

Maonyesho nayo si watu watupu. Septemba 2025 wenye tovuti wengi waliona maonyesho yakishuka ghafla huku mibofyo ikibaki palepale. Wakati huohuo Google ilikuwa imeifunga njia ya kufungua matokeo 100 kwa mpigo, njia iliyotumiwa na programu za kukagua nafasi, na wachambuzi wengi wakaunganisha mambo hayo mawili. Ikiwa ndivyo, sehemu ya umati ule ilikuwa roboti.

Yapo pia maswali ambayo hayatakuletea mibofyo hata ukiandika vipi, kwa sababu jibu linatolewa juu ya matokeo yenyewe, siku hizi mara nyingi kwa muhtasari wa akili mnemba. Viungo vilivyomo kwenye muhtasari huo vinahesabiwa kwenye ripoti pamoja na matokeo ya kawaida. Nikikuta swali fupi la aina ya "kideri ni nini" lina maonyesho mengi na mibofyo karibu sifuri ilhali nafasi ni ya 1 au ya 2, siligusi. Muda huo naupeleka kwenye ukurasa ambao mfugaji analazimika kuufungua, kama ratiba ya chanjo ya mwaka mzima inayochapishwa na kubandikwa bandani.