Je, Wajua? Mshipi Ndio Uzito

Kwenye kingo za Ziwa Kivu, chini ya Kavumu, mshipi hutupwa kama unavyotupwa Tanganyika, Nyanza na Pwani. Mvuvi hufunga chubwi la risasi, au kijiwe kama risasi haipo, akatia chambo kwenye ndoano, akauzungusha mkono na kuachia. Kinachosafiri ni chubwi. Uzi wa nailoni unakokotwa nyuma yake, na kadiri ulivyo mwembamba ndivyo unavyofika mbali.

Sasa chukua chambo kisicho na uzito: unyoya mmoja wa jogoo na manyoya machache ya sungura, vimefungwa kwa uzi wa kushonea kwenye ndoano ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, ili vifanane na mdudu aliyeangukia mtoni. Chambo hicho huitwa nzi. Uzito wake haufiki hata sehemu ya kumi ya gramu, na ukikitupa kwa nguvu zako zote kitaanguka miguuni pako. Ukikifungia chubwi umekiharibu, kwa kuwa samaki anayekitaka anatazama juu, anangoja kinachoelea. Wavuvi wa trauti walilitatua jambo hili kwa njia ninayoiona kuwa miongoni mwa werevu mkubwa katika historia ya uvuvi: waliutoa uzito kwenye ncha wakauweka ndani ya mshipi wenyewe. Anayerusha nzi anarusha mshipi. Nzi ni abiria tu.

Trauti ni samaki wa maji baridi. Hustawi katika nyuzi 10 hadi 18 hivi za Selsiasi, zikipita 20 huanza kutaabika, na zikikaribia 25 hufa. Maji ya juu ya Ziwa Kivu hukaa kati ya nyuzi 23 na 25 karibu mwaka mzima, na ukishuka kupita mita 60 au 70 oksijeni imekwisha. Kilichobaki ni kaboni dioksidi na methani. Trauti angekosa pa kukimbilia, juu joto na chini hakuna pumzi. Ndiyo maana mshipi huu tunaukuta mashariki zaidi, kwenye mito ya Mlima Kenya na Aberdare, ambako maji hushuka kutoka kwenye vilele vyenye baridi: Gura, Chania, Mathioya, Thego, Burguret.

Aliyewapeleka trauti huko aliwahi kupita Kivu. Ewart Grogan, Mwingereza aliyesafiri kutoka kusini mwa Afrika hadi Cairo, alipita kando ya ziwa letu mwaka 1899. Mwaka 1905 alileta Kenya mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland, yakapandikizwa katika Mto Gura. Trauti wa upinde wa mvua, ambaye asili yake ni mito inayoingia bahari ya Pasifiki, alifuata baada ya miaka michache. Ni Grogan huyo huyo aliyewachapa viboko Waafrika hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi mwaka 1907, na kwa miongo kadhaa mito yenye trauti ilikuwa starehe ya walowezi, huku wenyeji wakibeba mizigo yao na kuwaonyesha njia. Mwaka 1948 kilianzishwa kituo cha kuzalisha trauti cha Kiganjo, karibu na Nyeri, ili vifaranga vipelekwe mitoni. Kituo hicho kilibaki mikononi mwa serikali ya Kenya baada ya uhuru.

Turudi kwenye mshipi. Ukitaka kuufahamu, kata kipande kwa wembe mkali na ukitazame kwa kioo cha kukuzia. Katikati kuna msuko wa nyuzi nyembamba za nailoni, kama utambi. Huo ndio unaobeba nguvu ya samaki anapovuta. Umezungukwa na gamba la plastiki laini ya PVC, na unene wote pamoja ni milimita moja na kidogo. PVC ni nzito kuliko maji, kwa hiyo peke yake ingezama. Lakini ndani ya gamba hilo utaona vidoa vinavyong'aa, vidogo kuliko chembe ya unga. Hivyo ni viputo vya kioo vyenye hewa ndani, vilivyochanganywa kwenye plastiki ikiwa bado ya majimaji. Ndivyo vinavyouelesha mshipi. Kwa mshipi wa kuzama, viwanda huviondoa viputo na kutia unga wa tungsteni, metali nzito kuliko risasi.

Kazi yake hewani inastahili kutazamwa taratibu. Mvuvi anauinua mshipi majini, anaupeleka nyuma mpaka unyooke, kisha anasukuma ufito wake wa kuvulia mbele na kuusimamisha ghafla. Ufito uliopinda unajinyoosha, na mshipi unapita juu ya ncha yake ukiwa umejikunja kama herufi U iliyolala. Mguu wa chini wa hiyo U umetulia, kwa kuwa umeshikwa na ufito. Mguu wa juu unakimbia. Kadiri unavyosonga mbele, sehemu inayokimbia inafupika na inayotulia inarefuka, na nguvu iliyokuwa imeenea kwenye mita 9 za mshipi inajikusanya kwenye mita 5, kisha 2, kisha nusu mita. Mjeledi hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo, na mlio wake hutokea pale ncha inapoishinda kasi ya sauti. Mshipi wa nzi ungefanya ghasia kama hiyo usingechongolewa. Mita za mwisho hupunguzwa unene kidogo kidogo, kisha huungwa na uzi angavu wa nailoni wa karibu mita 2.7, nao mwembamba zaidi mwishoni, ili hewa iimalize nguvu iliyobaki. Nzi anatua juu ya maji bila kumshtua samaki.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Aelian, mwandishi wa Roma ya kale, alieleza jinsi watu wa Makedonia walivyovua samaki wenye madoa kwa ndoano iliyovikwa sufu nyekundu na manyoya ya jogoo, wakiwa na ufito na uzi wa urefu uleule, kama mita 1.8 kila kimoja. Uzi mfupi hivyo haurushwi, unaning'inizwa tu. Karne nyingi baadaye wavuvi wa Ulaya walisokota singa za farasi, kisha wakahamia kwenye hariri. Mshipi wa hariri ulisukwa, ukalowekwa katika mafuta ya kitani na kusuguliwa mpaka ukawa laini. Ulikuwa mzuri, na ulidai utumwa. Asubuhi ulipakwa grisi ili uelee, baada ya saa chache ulianza kunywa maji na kuzama, na jioni ulitolewa wote kwenye gurudumu la kuuzungushia na kuanikwa usije ukaoza. Wavuvi wa mwanzo wa Mto Gura walikuwa na mishipi ya namna hiyo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili nailoni na plastiki ziliishinda hariri. Kampuni ya Scientific Anglers ya Midland, Michigan, Marekani, ilikuwa mstari wa mbele katika kuvika msuko gamba la PVC lenye unene unaobadilika. Hapo likazuka tatizo ambalo wauzaji wengi hawajui kwamba lipo nyuma ya namba wanazouza. Zamani mishipi yote ilikuwa hariri, kwa hiyo ukijua unene umejua uzito. Viwanda viliandika herufi za unene, kama HDH au HCH, na mvuvi alielewa. Plastiki iliuvunja utaratibu huo, kwa sababu mishipi miwili ya unene mmoja ilianza kutofautiana uzito. Mwaka 1961 chama cha watengenezaji wa vifaa vya uvuvi wa Marekani, AFTMA, kiliamua kwamba kinachopimwa ni uzito wa mita 9.14 za mwanzo, yaani futi 30. Mshipi namba 4 una gramu 7.8 katika urefu huo, namba 5 una gramu 9.1, namba 6 una gramu 10.4. Ufito nao huandikwa namba ya mshipi unaoupinda ipasavyo. Mshipi mwepesi kwa ufito mgumu hauupindi, na ufito usiopinda hauna nguvu ya kurudisha.

Basi mtu mwenye ufito mmoja wa trauti, tuseme wa mita 2.7 ulioandikwa 5, achukue mshipi gani utakaomfaa kwa kila kazi?

Namba haina mjadala: 5 kwa 5. Kuelea nako sioni shaka. Mshipi unaoelea unaweza kumvua samaki wa chini pia, ukirefusha uzi angavu na kufunga nzi mwenye shanga ya shaba kichwani. Mshipi wa kuzama hauwezi kumlisha nzi samaki wa juu hata ukiubembeleza. Tena unaoelea huinuliwa majini kwa pigo moja na kurushwa upya, wakati uliozama lazima uuvute karibu wote kwanza. Kwa maziwa ya juu ya Mlima Kenya, yenye kina, wa kuzama una nafasi yake, lakini huo ni mshipi wa pili.

Mjadala wa kweli uko kwenye umbo. Boksi litaandikwa WF au DT. WF ni mshipi wenye kichwa kizito: mita 9 hadi 12 za mbele ni nene, na zilizobaki nyuma ni nyembamba, ili kichwa kikishatoka kiuchomoe uzi mwembamba na kufika mbali. DT umechongoka ncha zote mbili na ni mnene katikati yote. Madukani WF umetawala, na ukimuuliza muuzaji atakupa huo bila kufikiri. Mimi nashika upande wa DT kwa mito hii ya mlimani, na nina sababu.

Mto Thego au Burguret ni wa kuvukwa kwa hatua chache, na miti imeuinamia pande zote. Samaki yuko mita 6, mita 8 mbele yako, mara chache 12. Katika umbali huo WF na DT zinakaribia kuwa kitu kimoja, maana sehemu iliyo nje ya ufito imejengwa sawa. Nguvu ya WF huanza pale ambapo mto umekwisha. Nyuma yako kuna kichaka, kwa hiyo mara nyingi utaukunjua mshipi mbele juu ya maji bila kuupeleka nyuma, na kazi hiyo inataka unene unaoendelea mpaka mkononi. Uzi mwembamba wa nyuma ya kichwa cha WF hauwezi kukisukuma kilicho kinene mbele yake. Jambo la tatu ni la mfuko. Mshipi huchakaa mbele, gamba likapasuka na maji kuingia kwenye msuko. WF ukifika hapo umekwisha. DT unautoa kwenye gurudumu, unaugeuza, na upande ambao haujaona jua unaanza maisha yake. Kwa mtu ambaye mshipi unamfikia kwa ndege kutoka nchi nyingine, hiyo ni mishipi miwili kwa bei ya mmoja. Ziwani utapoteza mita chache za umbali. Nakubali kuzipoteza.

Kuna mtego mmoja zaidi, nao unawanasa hasa wanaonunua kwa ajili ya Afrika. Viwanda hutengeneza mishipi ya nchi za joto, yenye msuko na gamba gumu, kwa ajili ya bahari kama ya Watamu au Pemba, ambako mshipi wa kawaida hulegea na kunata. Muuzaji akisikia unaishi chini ya ikweta atakuletea huo. Ukiupeleka Aberdare alfajiri, kwenye maji ya nyuzi 12, utatoka kwenye gurudumu ukiwa na mizunguko kama springi na hautanyooka. Joto la maji ndilo linaloamua, na mto wa mlimani hata ukiwa juu ya mstari wa ikweta unataka mshipi wa maji baridi.

Nasi wa Kivu hatuko nje ya habari hii. Katika ziwa na katika Mto Ruzizi yupo samaki anayeitwa kitaalamu Labeobarbus altianalis, mwenye magamba makubwa na mdomo mnene, anayekula wadudu, konokono, majani na samaki wadogo, na anayeweza kufikia sentimita 90. Ndugu zake wa karibu wa Mto Vaal, Afrika Kusini, ni miongoni mwa samaki wanaotafutwa sana na wavuvi wa nzi, na mshipi namba 5 unaoelea hutumika sana kwao. Kwa maji ya Ruzizi yanapotoka ziwani Bukavu, yenye joto la wastani, mshipi wa kawaida bado unafaa. Ongeza tu unene wa uzi angavu wa mwisho, maana samaki huyu mkubwa akigeuka na mkondo hasamehi.

Utunzaji ni mwepesi. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa laini, kisha kivuli. Jua la dirishani hukausha PVC mpaka ikapasuka. Adui mkubwa zaidi yuko mfukoni mwa mvuvi mwenyewe. Dawa ya kujipaka dhidi ya mbu yenye kemikali ya DEET huyeyusha plastiki, na mshipi uliopitishwa kwenye viganja vilivyopakwa huwa unanata baada ya muda mfupi, viputo vyake vikaachia na ncha ikaanza kuzama. Dawa usiiache, malaria ni malaria. Jipake kwa mgongo wa mkono, na viganja uvioshe kwa sabuni kabla ya kushika ufito.