Kutoka mu jeshi bila kukata kamba: somo la mekanisie wa ndege kwa watu wa migodi

Siku ya posho moja ya mwezi wa nane, sisi wa sindika tulifanya mkutano chini ya muembe, kwa muzee mmoja wa kartie yetu. Watu walikuja wengi kupita kawaida, na wamama pia. Sababu ilijulikana. Kampuni moja ya hapa kwetu ilikuwa imebandika karatasi ku ubao wa garaje: mekanisie wa mashini makubwa watoke kwa mapenzi yao, wapokee bahasha, kisha wanaopenda watarudi kutumika ku mashini zile zile, lakini kupitia kampuni ingine ya pembeni, kwa kontra ya miezi sita sita. Mwisho wa kusinya ilikuwa tarehe 30. Mekanisie 41 walihusika, na wengi wao wako na miaka zaidi ya kumi ku kazi.

Sisi tulikuja na Code du travail mu mkono. Lakini maneno watu waliyorudi nayo nyumbani siku ile hayakutoka mu Code. Yalitoka mu kinywa cha mtoto wa muzee mwenyewe wa nyumba, kijana wa miaka 28, aliyekuja kusalimia baba yake toka Marekani. Mama yake alishinda loterie ya visa zamani, akaenda na watoto. Muzee alibaki kulinda mama yake mzazi. Kijana yule alikomea kule, akapata uraia, akaingia mu jeshi la anga. Miaka sita alitengeneza ndege za C-130. Mwaka jana alitoka. Lakini alitoka namna ambayo kwetu haijulikani: alitoka bila kukata kamba.

Ku neno hili tulimuomba akae, aeleze polepole.

Kazi ya ndege, kazi ya mashini

C-130 watu wa kwetu wanaijua. Ni ndege ya mizigo ya injini nne, iliruka mara ya kwanza mu mwaka 1954, na mpaka leo wanaitengeneza. Mu mwezi wa kumi na moja 1964 ndege za C-130 za Marekani ndizo zilibeba askari wa Ubelgiji mpaka Stanleyville, wakipitia ku base ya Kamina. Na tarehe 19 mwezi wa tano 1978, zile C-130 za jeshi la Zaïre, pamoja na Transall, ziliangusha askari wa légion ku Kolwezi. Muzee alikuwa kijana wa miaka 14, amelala chini ya kitanda na wadogo zake. Aliposikia mtoto anatengeneza ndege gani, alicheka tu: «Ile ndege ilinitisha, na leo inalisha mutoto wangu.»

Kijana anasema kazi ile haiko mbali na yetu. Asubuhi mbele ya injini kuwaka, wote wanasimama mustari mmoja na kutembea ku tarmak, macho chini, wakiokota mawe, misumari na vipande vya chuma, kama wamama wanavyochagula mawe mu mchele. Jiwe moja dogo likimezwa na injini, ni hasara ya feza nyingi, ao ni maiti. Sanduku la vyombo, kila chombo kiko na kitundu chenye sura yake. Jioni ufunguo wa 13 ukikosekana, hakuna kwenda nyumbani, na ndege ile hairuki mpaka ufunguo uonekane.

Kitu watu walichopenda zaidi ni alama ya X nyekundu. Mekanisie akiona kasoro ya hatari, anaandika X nyekundu mu buku la ndege. Kutoka pale ndege imefungwa. Hata mukubwa mwenye nyota ku mabega hawezi kuitosha kwa makelele. Ni lazima kasoro itengenezwe, kisha mtu mwenye ruhusa ya kuandikwa aangalie na kusinya jina lake. Ni kama kadena na etiketi tunazotia ku mashini wakati ya kuitengeneza. Wandugu wa garaje waliangaliana. Wanajua ni mara ngapi shefu wa ekipi amesema: «Tosha kadena, prodiksio inangoja.»

Milango tatu

Kule, mtu anayeingia mu jeshi kwa kawaida anajifunga kwa miaka minane yote pamoja. Anaweza kutumika kila siku miaka minne ao sita, na ile inayobakia iko bado juu yake. Kwa hiyo siku kontra inapokwisha, anaona milango tatu.

Mlango wa kwanza ni kubaki. Ukifikisha miaka 20 ya kila siku, unatoka na pansio papo hapo.

Mlango wa pili ni kurudi nyumbani. Lakini jina linabaki ku liste mpaka miaka minane iishe. Huendi ku mazoezi, hulipwi, ila vita ikiwa kali wanaweza kukuita.

Mlango wa tatu ni jeshi la akiba, ile kwa kifaransa wanaita réserve. Tuseme wazi, si ile Réserve armée de la défense ya sheria ya 2023 ya kwetu, ni mambo ya kwao. Unapata kazi yako ya kiraia mu wiki. Mara moja kwa mwezi, siku ya posho na siku ya yenga, unavaa uniforme na kurudi ku ndege. Unaongeza wiki mbili hivi kila mwaka. Zile siku mbili za mwisho wa wiki zinahesabiwa kuwa vipindi vinne, na kila kipindi kinalipwa mushahara wa msingi wa siku moja. Iko hata njia ya kutoka mbele ya kontra kwisha, lakini wanakuomba uongeze miaka mu akiba kulipia ile uliyoacha.

Kijana alichukua mlango wa tatu. Tulimuuliza sababu. «Baba zangu, mgongo wangu ulichoka na zamu ya usiku, na bibi yangu alichoka kuhamahama. Lakini miaka yangu sita sikutaka kuitupa ku maji.»

Na kweli haikutupwa. Mu akiba wanahesabu mwaka kwa poenti: poenti 15 za kuwa memba, moja kwa kila kipindi, moja kwa kila siku ya kazi kamili. Mwaka ukifika poenti 50, ni mwaka mzuri. Ukikusanya miaka mizuri 20, ile sita ya kwanza ndani yake, unapata pansio yako, kwa kawaida ukifika miaka 60. Na wale walioingia tangu 2018 wako na akiba ya feza ambayo serikali inaongezea kitu, na wanaenda nayo hata wakitoka kabla ya pansio.

Karatasi ni mfupa wa kazi

Hapa ndipo mkutano ulinyamaza. Mu jeshi lile hakuna mtu anayetoka na mikono mitupu. Anapewa karatasi inaitwa DD 214. Mule kumeandikwa siku aliyoingia, siku aliyotoka, kazi aliyofanya, masomo aliyosoma na namna alivyotoka. Kijana anasema kule unaweza kupoteza viatu, lakini hiyo karatasi hapana.

Karatasi ya pili ni ya ufundi. Mu jeshi unaweza kutengeneza C-130 miaka yote hiyo, lakini ku ndege za kiraia hawakuruhusu kusinya mpaka upate lisansi ya FAA, ile ofisi ya serikali inayosimamia ndege za kiraia. Wanaomba miezi 18 ya kazi iliyoandikwa kwa mwili wa ndege ao kwa injini, miezi 30 kwa vyote viwili. Miezi ya jeshi inahesabiwa, kama iko na ushahidi. Kisha kuna mitihani ya kuandika, ya kusema na ya mikono. Kijana alianza kukusanya ushahidi mwaka mzima mbele ya kutoka. Siku alipovua uniforme, lisansi ilikuwa mu mfuko, na kampuni ya ndege za mizigo ilimungoja.

Muzee alikuwa ameinamisha kichwa. Yeye alitumika miaka 17 ku garaje ya kampuni ambayo jina lake hatutaliandika. Hapa Katanga neno départ volontaire linajulikana tangu mwaka 2003, wakati zaidi ya wafanyakazi 10.000 wa Gécamines walitoka kwa mpango uliolipwa na Banque mondiale. Muzee alitoka kwingine, nyuma kidogo, lakini wimbo ulikuwa ule ule. Alisinya siku moja, akahesabu feza, akanunua kamionete, na kamionete ikafa mu miaka miwili. Kampuni mpya zilipokuja, alienda kuomba kazi. Wakamuuliza: «Ulitumikaka ku mashini gani? Onyesha.» Hakuwa na kitu cha kuonyesha. Mtu aliyefungua injini za kamio za tani nyingi alichukuliwa kuosha vipande. Na alipoenda ku caisse kuuliza pansio, alikuta miaka saba haikuandikwa popote.

«Kazi ilikuwa, karatasi haikuwa,» alisema muzee. Hakuongeza neno.

Masikio na mgongo

Mama mmoja aliuliza juu ya ugonjwa. Bwana yake hasikii tena vizuri ku sikio la kushoto. Kijana akaeleza kwamba kule Marekani kelele isiyoisha mu masikio ndiyo inayoombewa malipo kupita magonjwa yote kati ya askari wa zamani. Ni injini, ni mizinga. Anayetoka anaweza kuomba vipimo na kutia dosie yake kati ya siku 180 na siku 90 mbele ya kuvua uniforme, wakati daktari wa jeshi bado anamuona.

Yeye alikuwa karibu kuacha. Aliona haya, kijana wa miaka 27 kulalamika juu ya masikio. Mukubwa wake wa zamani akamwambia: «Hauombi huruma. Unaandikisha kitu kazi ilichukua.» Akaenda, wakapima, wakaandika.

Si paradiso

Hatutaki msomaji afikiri kule ni asali tupu. Kijana mwenyewe alituzuia. Zamani matibabu ya jamaa yote yalikuwa bure. Sasa analipa asiransi kila mwezi. Siku za kuzaliwa za mtoto zinaangukia mara mingi ku wiki ya mazoezi. Ukifika mara moja kwa mwezi, unakuta buku la utaratibu limebadilika, na unapaswa kujifunza upya kabla ya kugusa. Na kamba iko pale pale: wakikuita, unaenda, hata kama ni ng'ambo kwa miezi.

Lakini kuna sheria ya 1994 inayomlinda. Mwajiri wa kiraia hawezi kumfukuza sababu ameitwa; akirudi, kazi yake iko, na mpaka miaka mitano kwa jumla inaweza kupita namna hiyo. Na mu hangari ya akiba alikuta kitu hakukitegemea: wazee. Mu jeshi la kila siku watu wanahamishwa kila mara. Mu akiba alikuta mekanisie wenye mvi, mmoja ni dereva wa kamio mu wiki, mwingine ni polisi, wamekaa ku ndege zile zile miaka 15, miaka 20, wanajua kikohozi cha kila injini. «Nilijiona fundi,» alisema, «kumbe nilikuwa ningali mwanafunzi.»

Na sisi je?

Wandugu, Kongo si Marekani na garaje si jeshi. Lakini swali ni moja: mtu akitoka, miaka yake inaenda wapi? Hata kwetu sheria iko. Code du travail ya 2002 inalazimisha mwajiri ampe kila anayetoka karatasi yenye kazi aliyofanya, siku ya kuingia, siku ya kutoka na matrikule yake ya usalama wa jamii. Muzee wetu hakujua kuiomba, na hakuna aliyemwambia. Hapo sisi wa sindika tunabeba sehemu ya kosa.

Usiku ule tulikubaliana kwamba asisinye mtu mbele ya kuona vitu vinne ku meza: karatasi ya kazi yenye majina ya mashini zote alizotengeneza, liste ya miezi iliyolipwa ku CNSS, vipimo vya masikio, mapafu na mgongo vilivyoandikwa na daktari, na neno la maandishi kwamba akirudi kupitia kampuni ya pembeni, miaka yake ya zamani inahesabiwa.

Tulienda kwa wakubwa mara tatu. Karatasi ya mashini walikubali. Vipimo walikubali. Liste ya CNSS walisema tungoje. Ku neno la nne walikataa kabisa. Tarehe 30 ilipita. Tisa walisinya, na 32 wako bado ku garaje. Hatuwacheki wale tisa: mmoja alikuwa na deni ya masomo ya watoto watatu, mwingine mama yake ni mgonjwa. Angalau wao walitoka na karatasi mbili ambazo muzee hakupata.

Mazungumzo juu ya neno la nne yanaendelea. Wakati huu, tunaomba kila jamaa ifanye kitu kimoja kisichohitaji ruhusa ya mtu: nunueni buku la shule. Mama ao mtoto anayejua kuandika vizuri aandike tarehe ya kuingia, mashini, masomo, aksida, na jina la shefu aliyeona. Muzee ameanza yake, anasema na mjukuu anaandika. Ku injini ya tatu walikuwa wamejaza kurasa mbili. Wamekwisha kupata washahidi wawili wa garaje ya zamani walio bado hai, na siku ya kwanza tutamsindikiza ku CNSS kuulizia miaka yake saba.

Mwenye kupenda aje ku ofisi ya sindika siku ya tatu jioni. Alete karatasi zake zote, hata zile zilizopasuka.